Harufu ya Nazi Mchana wa Ramadhani

Wiki ya kwanza ya Ramadhani ile, Magandani tulikuwa tunatuhumiana. Jua limepanda, mtu swaumu imemkaba kooni, anapita dirishani kwa jirani anakutana na harufu ya nazi. Tena si harufu ya mbali, ni ya tui zito linalokaribia kuchemka. Sasa nani anakuna nazi asubuhi ya Ramadhani? Maneno yakaanza. Fulani anakula kobe, mchana kweupe. Fulani naye amefunga mlango tu, tumbo hakulifunga. Mimi nami nilicheka na wenzangu, maana njaa na kusengenya vinakwenda pamoja, Mungu atusamehe.

Kicheko kilinikauka siku niliyokwenda kumjulia hali mwanangu Zuwena.

Zuwena alikuwa na mimba kubwa, na daktari alishasema kondo la nyuma limekaa chini: alale, asinyanyue kitu, asipakiwe kwenye gari likarushwa na makorongo, maana akitokwa na damu ni hatari yake na ya mtoto. Mumewe yuko kazini Mtwara, kwa hiyo alilala kwa mama mkwe wake, Bi Mize. Nilimkuta chali kitandani anajipepea. Harufu ya nazi ilikuwa nzito humo chumbani kuliko mahali popote nilipopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepikiwa nini leo?"

"Uji wa ulezi. Wa maji, hata sukari hauna."

Nikamgeukia Bi Mize, aliyesimama mlangoni, ushungi umekaa sawasawa kama kawaida yake. Mimi na yeye tumeoleana watoto, na wakwe husemezana kwa adabu hata pale wanapotaka kung'oana nywele.

"Mkwe, samahani. Hii nazi ya nani?"

"Aka! Na wewe umekuja kunipekua?" Macho yalimtoka. "Jikoni kwangu hakujakunwa nazi tangu jana magharibi. Mbuzi ile pale, kaiguse kama ina unyevu. Nimefunga, Kidawa. Nimefunga tangu sijavunja ungo."

Sikwenda kugusa mbuzi. Nilikwenda kugusa ukuta.

Mimi ni fundi kuta. Ukuta mzima ukiugonga kwa kifundo cha kidole unakujibu kwa sauti kavu. Ule wa nyuma ya kitanda cha mwanangu haukujibu kitu. Nikaubonyeza kwa dole gumba, chokaa ikapasuka, dole likazama lote. Nilipolichomoa lilikuwa la kijani, na linanuka tui.

"Mama, kuna nini?"

"Unyevu tu," nikasema. Nikaufuta mkono kwenye kanga kabla hajauona. Nikatazama juu, maana juu ya ukuta ule kuna paa la vioo vya umeme wa jua, na vioo hivyo si manyasi.

---

Mtu asiyekaa Magandani nimweleze. Nyumba zetu hazijengwi, zinaoteshwa. Tangu saruji ipigwe marufuku, na matofali ya kuchoma yafuate, tunachukua mabaki ya mkonge yanayotupwa na kiwanda, tunayachemsha, tunayachanganya na mbegu ya uyoga, tunashindilia kwenye boksi la mbao na kufunika. Uyoga unatuma nyuzi zake nyeupe humo ndani, zinakula kidogo, zinafungamanisha kila kitu. Kabla hazijamaliza kula, tunaukausha ukuta kwa upepo wa moto, tunapaka chokaa, nyuzi zinalala. Ukuta wa namna hiyo ni mwepesi, hausikii joto, moto unaukwepa. Ukipata ufa, unyevu wa masika unaziamsha nyuzi, zinaziba ufa zenyewe, zinalala tena. Mjukuu anakuta nyumba ni nzima kuliko alivyoiacha babu.

Ila nyuzi zina adui, nasi tunamwita kijani. Kijani hakina habari na mkonge, kinakula nyuzi zenyewe. Ukuta unabaki umesimama kwa chokaa na mazoea. Na kikishamiri kinanuka nazi. Watu wa bara wangeshtuka mapema. Sisi, nazi asubuhi, nazi jioni, tungejuaje? Kama si Ramadhani kutuondolea vyungu mekoni, tungeendelea kuinusa tukimeza mate mpaka paa zituangukie.

Nilizunguka mtaa mzima nagonga kuta. Nagonga kwa Mzee Singano, kimya. Nagonga msikitini, kimya. Nagonga kwangu mwenyewe, chumbani nilikomzalia Zuwena, kimya. Watu wananifuata nyuma wananiuliza, "Fundi, vipi?" nami nasema, "Nakagua, nakagua tu," na jasho linanitoka na maji siruhusiwi kunywa.

Nikampigia simu injinia wa majengo wa wilaya. Alikuja siku ya pili, Lusekelo, mtu wa Tukuyu, mrefu, mpole, amebeba kile kifaa chao cha kusikilizia. Kina sindano mbili. Unazichoma ukutani, na kwa kuwa nyuzi zilizo hai hupitisha umeme mdogo sana, kifaa kinaugeuza kuwa sauti: tik, tik, tik. Alichoma kwa Bi Mize. Tukasubiri. Tik moja ikaja, halafu hakuna.

"Kwetu nazi tunaiona sikukuu," alisema taratibu. "Nilipofika tu hapa nikajiuliza, kwani watu hawa hawafungi?" Kisha akanitazama. "Mama Kidawa, ugonjwa haupigi mtaa mzima namna hii. Kungekuwa na nyumba zilizopona. Mlipewa mbegu za aina mbalimbali. Zimekwenda wapi?"

Nilitazama chini. Zimekwenda jalalani, ndiko zilikokwenda. Magandani mtu hapandi mbegu ya mfuko. Binti akiolewa, mama yake anakata kipande cha ukuta wa jikoni, anakifunga kwenye kanga mpya, anakipeleka nyumba mpya ikaoteshwe nacho. Anayepokea anauliza, "Mama yake nani?" Na anayetoa anataja: mama yake ni jiko la fulani, bibi yake ni jiko la fulani, mpaka kwa marehemu Bi Hadia aliyeotesha nyumba ya kwanza. Aliyepokea anasema, "Nimempokea, na mama yake nimemjua." Hapo ndipo boksi hufungwa. Mbegu ya mfuko haina mama. Nani alaze mtoto ndani ya kuta zisizo na mama?

Basi mtaa wote ulikuwa ukuta mmoja. Kilichokula nyumba moja kilikuwa na ruhusa ya kula zote.

"Masika yanaanza lini huku?" akauliza Lusekelo.

Nilimwonyesha kwa kidevu. Milima ya Usambara ilikuwa imeshajifunika.

"Wilaya itatoa mahema," akasema. "Tubomoe kabla hazijabomoka."

"Mwanangu amekatazwa hata kusimama. Nimlaze kwenye hema, maji yapite chini yake? Nimpeleke hospitali kwa njia ya makorongo ile ile aliyokatazwa?"

Lusekelo aliendelea kuchoma sindano zake nyumba kwa nyumba, nami nyuma yake nasoma kila dua ninayoijua, mpaka tukafika mwisho wa mtaa, uani kwa Bi Semeni. Alichoma ukuta wa kijumba cha pembeni, na kifaa kikalia kama mvua juu ya bati.

"Ala!" nikaruka.

Lusekelo alichomoa, akachoma tena. Kililia vilevile. Akanusa chokaa. "Hapa hapanuki nazi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. "Hiki ni chumba cha nini?"

Mimi sikutabasamu. Nilikijua.

---

Zamani, mtu akifa Magandani, ufuo, lile shimo la kupokea maji ya josho, ulichimbwa mumo humo ndani ya nyumba yake, maiti akaoshwa, maji yakaingia ardhini, kama desturi ilivyo. Lakini kuta zetu zinakunywa. Kwenye matanga fulani watu waliamka wakakuta uyoga umechipua ukutani pale alipooshewa marehemu, mweupe, mnene, umeinamia kitanda. Walikimbia wote, na wafiwa mbele. Tangu hapo tukakubaliana: maiti wa kike wote waoshwe mahali pamoja, kwenye kijumba cha uani kwa Bi Semeni, naye ndiye mwosha wetu.

Bi Semeni alitufungulia. Kafuri ya maiti ilinipiga puani mpaka machozi yakanitoka. Ni bibi mdogo wa umbo, mikono yake laini kwa maji ya miaka mingi. Lusekelo alimwamkia, akachoma sindano karibu na ufuo, akasikiliza, akaanza kusema peke yake kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Ni kafuri," akasema. "Kafuri na yale majani ya mkunazi mnayoyaweka kwenye maji. Kila mkiosha, ukuta unakunywa kidogo. Nyuzi dhaifu zikafa, zenye nguvu zikabaki, zikazoea sumu, sasa zimeibeba. Kijani hakiziwezi. Mama Kidawa, tukichukua mbegu hapa, tukaikoroga na pumba, tukatoboa kuta na kuimimina, zitakifukuza kijani na kufunga upya. Tukiwahi kabla ya mvua kubwa kuta zitashika."

Alikuwa na furaha ya kweli. Mimi nikaketi kizingitini. Mama yangu mzazi alioshewa humu. Binti wa Mzee Singano alioshewa humu. Salha, bintiye Bi Mize, wifi yake mwanangu, alioshewa humu mwaka jana, na Bi Mize hajalitamka jina lake tangu siku hiyo. Maji yaliyopita juu ya miili yao ndiyo haya, yamo ukutani. Sasa niyachukue, nikayatie vyumbani mwa watu wanakolala na kula daku?

"Bibi," nikamwambia Bi Semeni, "inafaa kweli?"

"Maji yale si najisi, hilo nilimuuliza sheikh zamani, uyoga ulipowatisha. Mimi siri za maiti sizitoi, hata mniue. Lakini ukuta haukuona siri ya mtu, ulikunywa maji tu. Kata. Waliomo humu walikuwa majirani, wasingekubali watoto wenu waangukiwe na paa." Akaninyooshea kidole. "Ila utataja. Kila mlango utakaoingia, wakikuuliza mama yake nani, utasema ni chumba cha ufuo. Usiwalaze watu na wafu wao bila kujua."

Lusekelo akakohoa. "Bibi, kwa heshima zote. Wakijua watakataa. Wewe unawajua kuliko mimi. Nyumba moja ikikataa, kijani kitabaki humo na kurudi kwa wengine. Tuseme imetoka maabara ya wilaya. Nitaandika mimi, nitabeba mimi. Watu wakiwa hai watatukasirikia baadaye, na hilo sawa. Wakifa hawatatukasirikia."

"Na wewe ukilala kwako Tukuyu," Bi Semeni akamwambia bila ukali, "utajua kilichomo ukutani kwako?"

"Nisingetaka kujua, bibi. Ningetaka paa likae juu."

Wote wawili wakanigeukia. Hee! Kwani mimi nani? Injinia ana maneno yenye akili, na mwosha ana maneno yenye akili, na mimi katikati nina mwana amelala chini ya vioo vya jua.

"Mwosha huoshwa, Kidawa," Bi Semeni akasema akiniachia ufunguo. "Mimi nitalazwa humu, nawe utalazwa humu. Fanya jambo ambalo hutaona haya kulikumbuka ukilazwa."

---

Nikafanya kazi. Nilijifungia kwenye kile kijumba na mabeseni yangu, nikakata ukuta mbali na ufuo, nikaponda, nikachanganya na pumba za mpunga zilizochemshwa, nikafunika kwa kanga. Mara ya kwanza kafuri ilinitoa machozi. Baadaye pua ikazoea, sikuisikia tena. Nyuzi zilitambaa upesi kuliko mbegu yoyote niliyowahi kuikuza, nyeupe pe, mpaka nikaziogopa.

Na mdomo nao ulikuwa kazini. "Mama yake ni maabara ya wilaya," nilikuwa najisemea. "Mama yake ni maabara ya wilaya, mkwe, ni mbegu ya kisasa." Nilisema kwa uso mkavu. Nilisema kwa kutabasamu. Swaumu yangu ilikuwa inanitazama, nami nikaiambia, niache, nina mtoto wa kuokoa. Halafu namkumbuka yule bibi na mikono yake laini, maneno yananikwama, naanza upya.

Manyunyu ya kwanza yalianguka adhuhuri moja, mabeseni yakiwa yameshajaa nyuzi. Si mvua, manyunyu tu. Nikasikia kishindo, nikatoka mbio nikidhani ni kwa Bi Mize. Lilikuwa jiko la Mzee Singano. Ukuta umekaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na vioo vya paa vimejaa uani vipande vipande. Shukuru Mungu ilikuwa Ramadhani, mchana jikoni hakuna mtu. Siku nyingine wangekuwemo mkewe na wajukuu. Mzee Singano alisimama katikati ya vipande ameshika kofia yake mkononi, anasema, "Palikuwa pananuka nazi. Nilimgombeza mke wangu bure."

Lusekelo alinishika kiwiko. "Mama Kidawa, sasa. Anza na kwa binti yako. Na tafadhali, maabara."

"Maabara," nikasema. Nilikuwa nimeshaamua. Mnisikie vizuri, nilikuwa nimeamua kabisa.

---

Niliingia kwa Bi Mize na beseni limefungwa kwenye kanga mpya, Lusekelo nyuma yangu na keekee ya kutobolea na pampu. Watu walikuwa wamejaa uani, maana kishindo cha kwa Mzee Singano kilikuwa kimewatoa wote nje. Zuwena alikuwa amegeuziwa upande wa dirisha. Juu ya kichwa chake chokaa ilikuwa imefanya tumbo, na kila upepo ukija paa linalia.

"Mama," akaninong'oneza, "linasema hivyo tangu alfajiri."

"Nalisikia. Tulia, usijitikise."

Lusekelo alitoboa matundu matatu juu ya kitanda. Vumbi la kijani likamwagika kwenye shuka, na harufu ya nazi ikatujaa mpaka tumboni. Mpira wa pampu uliingia tundu la kwanza. Kilichobaki ni mimi kusema neno na kubonyeza.

Bi Mize alikuja akasimama mbele yangu. Alikuwa amevaa kanga safi, kama desturi inavyotaka kwa mpokeaji. Hakunisalimia wala hakuniuliza kitu kingine.

"Mama yake nani?"

Nikafungua mdomo. Nikamwona Zuwena ananitazama kwa macho makubwa. Nikamwona Lusekelo anaitikia kwa kichwa, sema, sema. Paa likalia. Nikamwangalia huyu mwanamke ambaye tangu watoto wetu waoane hatujawahi kupeana neno la kweli, adabu tupu, na nikafikiri: usiku huu atalala chini ya mbegu hii, na atamshukuru Mungu kwa maabara.

"Mama yake," nikasema. "Mama yake ni chumba cha ufuo, mkwe. Ukuta wa kwa Bi Semeni. Maji waliyooshewa watu wetu ndiyo yaliyoukuza."

Lusekelo alifumba macho. Huko uani mtu alisema, "Lahaula!" na minong'ono ikaenea. Nikasikia miguu ya watu wanaoondoka. Yarabi, nimemuua mwanangu kwa mdomo wangu.

Bi Mize hakusogea. "Na Salha?" akauliza.

"Na Salha."

"Sema vizuri."

"Salha aliosh... Salha alioshewa humo. Maji yake yamo. Na ya mama yangu yamo. Ukikataa nitamvuta kitanda na yeye juu yake, nitampeleka popote, sitakulaumu. Lakini sasa umejua."

Alinitazama sana. Kisha akanyoosha mkono, akafunua pembe ya kanga juu ya beseni, akainama, akanusa.

"Kafuri," akasema. "Nimeisikia tangu umevuka lango, Kidawa. Unadhani mimi naweza kuisahau? Nilikaa na harufu hii siku nzima, nimempakata mwanangu." Akaushika ukingo wa beseni. "Nilikuwa nangoja nione kama utaniambia. Ungesema maabara, wallahi ningekumwagia beseni hili kichwani, na mkwe wangu ningembeba mwenyewe."

Kumbe nilikuwa nanuka hivyo mtaa mzima, na pua yangu ilikwishazoea.

Bi Mize alikaa kando ya kitanda. Aliweka mkono juu ya tumbo la Zuwena, akauacha hapo. Alikuwa anaogopa, ilionekana. Mimi nami niliogopa. Hatukujua kesho ukuta huo utachipua nini.

"Wifi yako alitaka sana kumwona mtoto huyu," akamwambia Zuwena. Halafu akaniinulia uso, akasema maneno ya desturi, kwa sauti iliyofika uani: "Nimempokea, na mama yake nimemjua. Ni Salha Mbwana. Mimina."

Nikabonyeza pampu. Ukuta ulikunywa kwa sauti, tundu la kwanza, la pili, la tatu. Lusekelo alichoma sindano zake pembeni. Tulikaa wote wanne, manyunyu yanapiga vioo, paa linalia, linanyamaza, linalia. Tik moja. Nikahesabu pumzi za mwanangu. Kisha tik nyingine, na nyingine.

"Imeshika?" Bi Mize akauliza.

"Imeanza," Lusekelo akasema. "Tukivuka usiku huu."

Nilitoka nje. Uani walikuwa wamebaki wachache. Wengine walikuwa wameshajifungia majumbani mwao, chini ya kuta zao za kijani, na mawingu ya Usambara yalikuwa yametufikia juu ya vichwa. Nilinyanyua beseni la pili. Bi Mize alitoka akasimama kando yangu, akashika upande mmoja bila kuniomba ruhusa.

Mlango wa Mzee Singano ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi. Nikasikia kiti kinaburutwa ndani, mtu amesogea mlangoni, hafungui. Harufu ya kafuri ilikuwa imefika kabla yetu.

"Mzee Singano," nikamwambia kupitia mlangoni, "ni mimi Kidawa, na mwanao yumo humu. Nifungulie nikutajie na wengine."